Mwanza Sikwenda

Nilisoma kwa kinyongo. Chuoni, wenzangu wakiulizwa kwa nini wamechagua masomo ya uvuvi, walijibu mambo ya kuhifadhi bahari na kuisaidia jamii. Nami nilijibu hivyohivyo, kwa sauti ya upole, na mhadhiri akaridhika. Lakini sababu yangu ilikuwa mtu mmoja tu: wakala wa pweza wa kijijini kwetu Mafia, mwenye kofia ya viua na kidole kirefu cha shahada, aliyemwaibisha mama yangu mbele ya watu nami nimesimama ubavuni pake. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Siku ile nilijiapia kwamba aliyemtia mama yangu aibu ile ataionja mwenyewe, palepale, mbele ya watu walewale. Kiapo hicho nilikwenda nacho bwenini, na miaka yote ya chuo sikukiweka chini hata siku moja.

Mwaka jana nilimaliza, nikarudi nyumbani kusubiri kazi. Kijiji chetu kiko mbele ya Kanga, ukielekea Ras Mkumbi, na mtandao wa simu unashika vizuri nyuma ya ukuta wa madrasa tu. Kila asubuhi nilikwenda kusimama pale, simu juu, kama mtu anayechunga mbuzi wasioonekana. Wiki moja kabla ya mwamba kufunguliwa zikaingia barua mbili, leo moja na kesho yake nyingine.

Ya kwanza ilitoka Mwanza, kwenye kiwanda cha minofu ya sangara. Walinitaka maabara. Koti jeupe, chumba chenye kiyoyozi, nyumba ya kampuni, na bima ya afya ambayo ningeweza kumwandikisha mzazi. Nilipomsomea Mama habari za bima aliniomba nirudie taratibu. Magoti yake yalikuwa yamefika mahali ambapo kuinuka kwenye mkeka ilikuwa shughuli, na daktari wa Kilindoni alikwishatuambia kwamba matibabu yake hayapo kisiwani.

Ya pili ilitoka kwa kampuni inayonunua pweza hapahapa kwetu. Walitaka msimamizi wa ubora, yaani mtu wa kukaa mezani dikoni, pale watu wanaposhusha samaki, akague boksi la kila wakala kabla kampuni haijalipokea. Mshahara ulikuwa nusu ya ule wa Mwanza. Pikipiki ya zamani, mkataba wa mwaka mmoja, bima hakuna. Niliisoma nimeegemea ukuta, watoto ndani wanasoma alif, be, te. Nilipofika kwenye mstari unaosema kwamba msimamizi ana mamlaka ya kumsimamisha wakala mwenye mzigo mbaya, nilicheka peke yangu mpaka mwalimu akachungulia dirishani.

Wote wawili walitaka jibu kabla ya Ijumaa.

Inabidi nieleze siku yenyewe ya aibu, nami nitaieleza kwanza kama nilivyokuwa nikijisimulia kwa miaka saba. Kwetu pweza wa mwambani ni kazi ya wanawake. Wakati wa bamvua, maji yakishakupwa mbali na mwamba ukabaki wazi, wanatembea kwa miguu na mchokoo mkononi, kile kijiti cha kuchokolea mashimo, na kila mwanamke ana mashimo yake anayoyajua. Mama yangu alikuwa na mengi kuliko wote. Alimwona pweza mahali ambapo mimi niliona jiwe. Pweza huuzwa kwa uzito, na udanganyifu wake mkubwa ni maji. Ukimlaza kwenye maji ya kisima ananyonya, anavimba, anakuwa mzito na mweupe wa kupendeza, lakini nyama imekwisha kuharibika. Kwa hiyo wakala hukagua. Anabinya mnyiri, mkono mmoja wa pweza, kisha anatia kidole mdomoni. Akisikia chumvi, anapima. Asiposikia, anakataa.

Kila mwaka mwamba hufungwa kwa miezi kadhaa ili pweza wakue, na siku ya kuufungua kijiji kizima hushuka pwani. Siku kama hiyo Mama alirudi na pweza tisa, wakubwa wote. Aliwatia kwenye ndoo yetu ya bluu, akaniachia nikae nayo kivulini, yeye akaenda nyumbani kuoga na kuswali adhuhuri. Nilikuwa kidato cha nne, msichana wa kujipaka mafuta ya kunukia, na niliona haya kuonwa na wenzangu wa darasani nikiwa na vitu vya utelezi mikononi. Alipomaliza tukaenda dikoni, akaweka ndoo mbele ya wakala. Wakala alibinya, akatia kidole mdomoni, akatema. Akabinya wa pili, akatema tena. Kisha akaipindua ndoo nzima mchangani na kusema, kwa sauti ya mtu anayejua anasikilizwa, "Hawa si wa kwangu. Peleka ukamwagilie mchicha."

Watu walicheka. Wanawake ndio waliocheka zaidi, hasa wale waliokuwa wakimwonea gere kwa mashimo yake. Mama aliinama, akaokota pweza mmoja mmoja, akawapangusa mchanga kwa upindo wa kanga. Hakusema neno. Nilimtazama wakala usoni, naye alikuwa keshamgeukia mtu mwingine.

Na hakuishia hapo. Aliwaambia wanawake wa kikundi cha Mama kwamba akimwona miongoni mwao hatanunua hata mnyiri mmoja kutoka kwao. Wakamtoa. Mawakala wengine wakapigiana simu, nao wakamkataa. Mama akawa "yule wa maji", kisimani, dukani, hata msibani. Baba alikuwa keshatangulia mbele ya haki, kwa hiyo hakukuwa na mwingine wa kutulisha. Mama akaenda kwenye mwani, akishinda ameinama ndani ya maji ya magotini kufunga vipande kwenye kamba, miaka nenda miaka rudi, mpaka magoti yenyewe yakamkataa. Mwamba wenye mashimo yake alikuwa anauona kwa mbali tu.

Hiyo ndiyo hadithi niliyoishi nayo. Mwaka wa pili wa chuo tulifundishwa kwa nini pweza hunyonya maji yasiyo na chumvi. Mhadhiri alilaza wawili kwenye mabeseni mawili, moja la maji ya bahari na moja la bomba, na baada ya saa moja tukawapima. Wenzangu waliandika. Mimi nilikuwa namwona wakala na kidole chake mdomoni, nikasema moyoni, kumbe ulikuwa unajua vizuri sana unavyomzulia mtu. Sikufikiri jambo jingine lolote. Nilipata alama za juu darasa zima.

"Mwanza," Mama alisema nilipomsomea barua zote mbili. Alikuwa anasuka ukili wa mkeka, hakuinua macho. "Hii nyingine hata usiijibu."

"Hujaniuliza naitaka ipi."

"Sikuulizi kwa sababu naiona usoni kwako."

"Mama, yule mtu alikuvunja."

"Nimemwachia Mungu."

"Mungu ana mengi ya kushughulikia. Hili dogo naliweza mwenyewe."

Akasema astaghfirullah, akauweka ukili mapajani. Alinitazama kwa muda, na kwa namna alivyonitazama nilidhani ananihurumia, nikaudhika. "Nimekuona unakula nacho hicho kinyongo, unalala nacho," akasema. "Nikadhani ukishasoma utakitua. Nenda Mwanza, mwanangu. Nakuomba kama mzazi wako."

Nitakuwa mkweli: Mwanza nilikuwa naitaka. Nilikuwa naitaka ile nyumba yenye bomba ndani, na lile koti jeupe nilikuwa nimeshalivaa kichwani mara nyingi. Nilitaka pia magoti ya Mama yapone. Jumatatu nilikuwa wa Mwanza, Jumanne asubuhi wa Mwanza, Jumanne alasiri nikakutana na mwanamke njiani, mtu mzima wa kuheshimiwa, akaniuliza mimi ni binti wa nani. Nilipomwambia akasema, "Aa, yule wa maji," bila ubaya wowote, kama mtu anayetaja rangi ya mlango. Jumanne usiku nikawa wa pweza.

Jumatano nilikwenda dikoni kumtazama wakala kwa macho yangu. Nilijiwekea sharti. Nikimkuta ana haya, nikiona anatazama pembeni au anakosa la kusema, nitajua kwamba dhamiri imemla kiasi, nitamwacha na kwenda zangu Mwanza. Haya kidogo tu ingenitosha, hata ya kujilazimisha.

Nilimkuta amechuchumaa akiosha boksi lake la barafu. Ndevu zimeingia mvi, tumbo limepungua. "Shikamoo," nikasema, kwa sababu nimelelewa.

"Marahaba, mwanangu." Aliinuka, akajipangusa mikono, akanipa mkono wake. "Hongera. Tumesikia umemaliza. Kisiwa kimepata msomi, alhamdulillah."

"Nimemaliza."

"Na mama yako hajambo? Magoti yanamwendeaje? Msalimie sana."

Akatabasamu. Aliyauliza magoti ya mama yangu kama mtu anayeuliza habari za mvua, kama kwamba si yeye aliyempeleka kwenye maji ya mwani. Nikamwambia nitamsalimia. Kutoka pale sikupita nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja mpaka ukuta wa madrasa, nikaandika majibu mawili, la Mwanza la kushukuru na kukataa, la kampuni ya pweza la kukubali. Meneja wa kampuni alinipigia papo hapo, akaniuliza nini kimenivutia kwenye kazi ile. Nikamwambia naipenda jamii yangu.

Nilipomweleza Mama hakunigombeza. Aliuliza, "Umeshatuma?" nikasema nimetuma. Akaukunja ule mkeka aliokuwa akinisukia wa safari, nusu yake bado, akaupandisha darini. Mpaka siku ya tatu hakusema nami zaidi ya salamu na habari za chakula. Nilijiambia kwamba atakuja kunishukuru.

Siku ya kufungua mwamba nilifika dikoni kabla ya watu. Nilivaa fulana ya kampuni, nikapanga meza, mzani, kalamu, daftari. Nilikuwa nimeshajizoeza maneno yangu tangu bwenini, mbele ya kioo, mpaka mwenzangu wa chumbani akaniuliza naigiza tamthilia gani. Mawakala wakaja na maboksi yao, wanawake wakakaa nyuma yao kusubiri. Nilikagua kwa haki. Hilo nalisema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linaloniuma. Wakala wa Kisiwa cha Bwejuu alikuwa na boksi ambalo tundu lake la chini limeziba, barafu imeyeyuka, pweza wa chini wanaelea kwenye maji yake. Nilimzibulia tundu, nikamwamuru abadilishe barafu, nikawapokea wa juu na kuwatenga wa chini. Ndivyo kanuni ya kampuni inavyosema.

Akaja wa kwangu. "Shikamoo, afisa," akasema kwa utani, mtu wa umri wa baba yangu ananiamkia mimi, watu wakatabasamu. Sikumjibu. Niliinama kutazama chini ya boksi lake. Jani la mwani lilikuwa limejisokota tunduni, na barafu ya maji ya kisima ilikuwa imeyeyuka ndani kidogo. Ilikuwa hali ileile ya yule wa Bwejuu, tena nafuu yake. Ningelivuta lile jani kwa kucha tu.

Nililiacha. Nilitia mkono mpaka chini kabisa, nikachagua pweza aliyelala kwenye maji, nikambinya, nikatia kidole mdomoni. Nikatema. Nikabinya wa pili wa hukohuko chini, nikatema. Kisha nikalishika boksi kwa mikono miwili na kulipindua mchangani. Lilikuwa zito kuliko nilivyofikiri, na barafu ikatawanyika mpaka miguuni mwa wanawake.

"Hawa si wa kwangu," nikasema. "Peleka ukamwagilie mchicha."

Alinitazama. Niliona wazi anaikumbuka ile siku, na kwamba amejua sasa kwa nini niko pale. Akasema, "Sawa, afisa," akachuchumaa, akaanza kuokota pweza mmoja mmoja na kuwapangusa kwa upindo wa shati lake. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa nimekisubiri kicheko kile miaka saba na hakikuja, wanawake walikuwa wananitazama mimi badala ya kumtazama yeye. Hata hivyo nisiseme uongo, ilikuwa tamu. Mchana huohuo niliandika barua ya kumsimamisha, na mwandiko wangu ulikuwa mzuri kuliko siku zote.

Nilirudi nyumbani alasiri. Mama alikuwa uani anapepeta mchele, na habari zilikuwa zimemfikia kabla yangu.

"Ulimwambia akamwagilie mchicha," akasema.

"Nilimrudishia neno lake."

"Boksi lake lilikuwa na maji?"

"Kidogo. Ya barafu."

Akaweka ungo chini. "Kaa." Nikakaa juu ya kinu kilicholala. Alichambua punje mbili tatu za mpunga, akazitupia kuku, ndipo akaniuliza, "Siku ile nilikuachia pweza kwenye nini?"

"Kwenye ndoo ya bluu."

"Ndani ya ndoo mlikuwa na nini?"

"Pweza, Mama. Na gunia bichi juu yao."

"Mimi niliacha gunia tu, lililochovywa baharini. Nilipokuja kuichukua ilikuwa na maji. Maji gani?"

Nilikiona kisima cha msikiti, hatua chache kutoka kwenye kile kivuli. Niliwaona wanafunzi wenzangu wanapita, nikaiona mikono yangu ina ute na mchanga, na mimi naichukua ndoo haraka na kwenda kuteka. Niliwaosha pweza wa Mama mara mbili. Mara ya tatu nikawaacha wamelala kwenye maji safi ili wasinuke, nikawafunika, nikakaa kusuka nywele zangu mpaka Mama aliporudi. Nilikumbuka hata nilivyofurahi nilipofunua na kuwaona wamenona, weupe, wamependeza. Nilikuwa nimesoma jambo lile darasani, nikaliona kwa macho yangu ndani ya beseni, nikalijibu kwenye mtihani, na kumbukumbu hii ilikuwa imekaa kimya muda wote huo.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Nilipoinyanyua tu. Mzigo wangu naujua kwa mkono. Lakini watu walishapanga foleni, nami nilikuwa nimechoka, nikasema labda hataona. Hapo ndipo kosa langu mimi."

"Kwa nini hukusema mbele ya watu?"

"Niseme nini? Nimsukumie mtoto? Na wewe nakujua. Ungeacha shule siku ileile ukaja kujiadhibu mwambani. Ulikuwa na mtihani mbele yako." Akauchukua ungo tena. "Baadaye nikaona ile chuki yako inakusomesha. Unaamka kabla ya adhana kwa ajili yake. Nikasema basi, imvushe, akifika mbali ataiacha. Sikujua kama utarudi nayo nyumbani."

Nilimkasirikia. Sioni fahari kulisema, lakini ndivyo ilivyokuwa, kwa muda nilimchukia mama yangu mzazi kwa kuninyamazia, kwa sababu nilikuwa na hasira nyingi na sikuwa tena na mtu wa kumpa. Niliondoka pale uani bila kuaga. Asubuhi nilikwenda ukutani nikapiga simu Mwanza. Dada wa upande wa pili alikuwa mpole sana. Akasema nafasi ilijazwa tangu Jumatatu, akanitakia kila la heri.

Siku hiyohiyo nilimwandikia meneja kwamba tundu la boksi lilizibwa na jani, kwamba nilikiuka kanuni, na kwamba wakala arudishwe. Meneja alinikaripia kwa simu, akanipa onyo la maandishi, akamrudisha. Ningeweza kuishia hapo. Hakuna aliyejua habari za kisima isipokuwa Mama, na Mama alikuwa ameshaonyesha kwamba anajua kunyamaza. Lakini nilikuwa na kiapo. Nilikuwa nimeapa kwamba aliyemtia mama yangu aibu ile ataionja mwenyewe, palepale, mbele ya watu walewale, na sikuwa nimesema popote kwamba nitamsamehe akiwa ni mimi.

Nilisubiri bamvua lililofuata, watu walipojaa tena dikoni. Mama nilimwomba aje, hakuniuliza kwa nini. Wakala alikuwa wa nne kwenye foleni, kofia yake kichwani, hanitazami. Nilisimama mbele ya meza badala ya nyuma yake.

"Kabla sijaanza kazi," nikasema. Nikaiweka kalamu mezani nyuma yangu. "Pweza wa mama yangu, siku ile, walikuwa na maji kweli. Wakala hakumzulia. Niliyewatia maji ni mimi. Niliwaosha kisimani kwa sababu nilikuwa naona haya kunuka. Mama hakunituma. Mmemwita yule wa maji miaka saba, na wa maji nilikuwa mimi."

Mwanamke mmoja huko nyuma akaguna, akasema, "Alikuwa anaona haya kunuka, leo ndiyo kazi yake," na kicheko kikapasuka, kikapita foleni nzima, mpaka mawakala wakashika mbavu. Ndicho kile kicheko nilichokuwa nimekisubiri. Kilinichoma masikio, nikakiacha kiishe chenyewe.

Kilipoisha nilimgeukia wakala. "Na wewe, mzee wangu. Boksi lako nililipindua kwa chuki, nimekosa, na watu hawa wamesikia. Lakini ndoo ilikuwa moja. Ungeikataa ndoo ile ukaishia hapo, nisingekuwa na neno. Wewe ulimfungia Mama mwamba miaka saba. Mimi nimeshasema langu."

Hasira yangu ilikuwa bado ipo, siwezi kudai vinginevyo, na nilisimama pale nikamkazia macho mpaka akavua kofia. Akamtazama Mama, aliyekuwa ameegemea mti wa kufungia ngalawa. "Bi mkubwa," akasema, "nilizidisha."

"Ulizidisha," Mama akamjibu.

Kisha Mama akaja mezani, akichechemea, watu wakimpisha. Asubuhi ile maji yalipokupwa alikuwa ameshuka mwambani na mchokoo wake wa zamani, bila kuniambia, akafika kwenye shimo la karibu kuliko yote. Alikuwa na pweza wawili, wadogo, ndani ya ile ndoo ya bluu, chini ya gunia bichi. Akaiweka mbele yangu. "Kagua," akasema, "kama unavyowakagua wengine." Nilibinya mnyiri, nikatia kidole mdomoni. Chumvi ilikuwa kali. Nikawapima, nikamwandika daftarini, na wanawake wa kikundi chake wakamsogezea nafasi akakaa.

Hakushuka tena. Usiku ule magoti yalivimba, na tangu hapo mwambani hajafika. Wanawake wanamwachia mashimo yake, hakuna anayeyagusa, lakini yeye anayaona kwa mbali kama zamani. Ile bima ya Mwanza sasa inamtibu mzazi wa mtu mwingine.

Mimi bado niko mezani. Foleni ikiwa ndefu na jua limeshakuwa kali, hukosi sauti kutoka nyuma inayosema, "Wewe wa maji, hebu fanya haraka." Naitika.